Kaye ya Roho ya Papa Yoane XXIII: kitabu kinachochosha na faida yake

Katika nyumba nyingi za mapadri tulimopata kulala, tumekiona kitabu kimoja juu ya rafu: «Journal de l'âme» cha Papa Yoane XXIII, kwa Kifaransa. Kurasa za mwanzo zimechafuka kwa vidole. Kisha, tangu ukurasa wa arobaini hivi mpaka mwisho, karatasi ni nyeupe kama siku ile kilipotoka dukani. Maana yake ni nini? Padri alianza kukisoma kwa moyo, akachoka, akakirudisha mahali pake. Sisi pia tulifanya vivyo hivyo, mara mbili. Mara ya tatu tulikimaliza, na kwa hiyo twathubutu kusema neno juu yake, hasa kwa ajili ya waseminari ambao kila mwaka wakati wa retreti huambiwa waandike kaye ya roho, wala hawaambiwi waiandike namna gani.

Kwanza tukijue kitabu chenyewe. Angelo Giuseppe Roncalli alizaliwa tarehe 25 Novemba 1881 katika kijiji cha Sotto il Monte, karibu na Bergamo, Italia ya kaskazini, katika jamaa kubwa ya wakulima. Aliingia seminari ya Bergamo mwaka 1892. Mwaka 1895, angali mtoto, alianza kuandika mambo ya roho yake, akaendelea hivyo padri, askofu, kardinali na Papa, mpaka miaka yake ya mwisho. Alikufa tarehe 3 Juni 1963. Katibu wake, Loris Capovilla, ndiye aliyekabidhiwa makaye hayo, naye akayatoa kuwa kitabu kwa Kiitaliano mwaka 1964. Mwaka ule ule kikatoka kwa Kifaransa. (Capovilla mwenyewe alifanywa kardinali mwaka 2014, akafa mwaka 2016 akiwa mzee wa miaka mia moja. Tarehe 27 Aprili 2014 bwana wake wa zamani alikuwa ametangazwa mtakatifu.) Kwetu Kongo jina la Papa huyu si geni: ndiye aliyesimamisha majimbo kamili ya Eklezya katika nchi yetu, tarehe 10 Novemba 1959. Kabla ya hapo tulikuwa vikarieti tu, nchi ya misioni.

Basi, msomaji anafungua kitabu akitumaini kupata siri. Mtu huyu aliishi karibu miaka kumi Bulgaria, tena karibu miaka kumi Uturuki na Ugiriki wakati wa vita, halafu Paris, halafu Venezia, halafu kiti cha Petro. Je, hatatusimulia? Hasimulii. Tunachokuta ni kijana anayejiandikia sheria: ya kufanya kila siku, ya kufanya kila juma, kila mwezi, kila mwaka. Kuamka upesi. Kusali vizuri. Kuuzuia ulimi. Mwaka 1898 anaandika karibu kila jioni, na jioni baada ya jioni ni makosa yale yale: alisema mno, akili ilitangatanga wakati wa rozari, alipenda mno matunda. Siku moja ya likizo alimkemea mama yake kwa udadisi wake, mama akaumia. Kijana akabaki na uchungu siku nzima, kwa kuwa alijua kwamba angeweza kusema kwa upole. Mseminari gani wa kwetu hakurudi nyumbani kwa likizo akamfundisha mama yake adabu? Ukurasa ule tuliusoma tukaona haya.

Lakini baada ya hapo, makusudi tena. Retreti ya mwaka huu, makusudi; retreti ya mwaka ujao, makusudi yale yale. Unyenyekevu, utii, saburi, ulimi. Mwaka 1961, mwezi wa Agosti, Papa amekaa Castel Gandolfo akijitayarisha kutimiza miaka themanini, naye anaandika bado juu ya mambo ambayo kijana wa Bergamo aliyaandika. Hapo ndipo wasomaji wengi wanapofunga kitabu. Wanasema: kama mtu ameandika kusudi lile lile miaka zaidi ya sitini, basi hakulishika hata siku moja; kaye yake imemfaa nini?

Sisi pia tulisema hivyo. Sasa twafikiri tulikosea, na kosa letu lilitokana na kukisoma kitabu kama hadithi, yenye mwanzo na mwisho. Mwanamke anayepalilia shamba lake la mihogo mwaka huu na mwaka ujao hatumwambii kwamba hakupalilia vizuri mara ya kwanza. Majani huota. Tena, ukisoma polepole, utaona kwamba maneno ni yale yale lakini mtu anayeyasema siye yule. Kijana anasema «utii» akiogopa kosa. Askofu aliyepelekwa Sofia mwaka 1925, asipojua atakaa hata lini, anasema «utii» na neno hilo limekwisha kumgharimu. Alikuwa amelichukua neno hilo pamoja na neno «amani» kuwa usemi wa uaskofu wake, akifuata usemi wa Kardinali Cesare Baronio, ambaye alikuwa amemsomea sana siku za upadri wake. Mtu asiyeandika hawezi kujua kwamba neno lake limekua ndani yake. Yeye Roncalli alijua, kwa sababu alikuwa na desturi ya kuyasoma tena makaye yake ya zamani. Waseminari wetu huandika. Kusoma tena hawasomi. Kaye isiyosomwa tena ni karatasi ya kufungia karanga.

Ukurasa ambao kwa maoni yetu unazidi zote ni ule wa tarehe 16 Januari 1903. Roncalli ana miaka ishirini na mmoja, yuko seminari ya Roma. Mpaka siku ile alikuwa akijipima kwa watakatifu kama mtu anayepima nguo juu ya mwili wa mwingine: Mtakatifu Aloisi Gonzaga alifanya hivi, nami nifanye hivi hivi. Siku hiyo anaandika kwamba njia hii ni ya uongo. Yeye si Aloisi. Katika watakatifu imempasa kuchukua kiini cha fadhila zao, si mambo ya nje yaliyozizunguka. Aloisi mwenyewe angekuwa mtakatifu kwa namna nyingine kama angaliishi katika hali nyingine. Angalia, hakuna mwalimu aliyemwambia asubuhi ile akainakili. Aliifikia kwa kalamu, baada ya miaka minane ya kuhesabu makosa yake na kuona kwamba hesabu haitoki.

Neno hili latuhusu sisi watu wa Afrika kuliko linavyomhusu Mtaliano. Tumefundishwa utakatifu na vitabu vya nchi za baridi. Tulipokuwa seminari ndogo tulimjua mwenzetu mmoja aliyekataa kucheka mezani, kwa sababu alikuwa amesoma maisha ya mtakatifu fulani asiyecheka. Wadogo zake walipokuja kumtembelea walidhani ni mgonjwa. Hakuwa mnafiki hata kidogo. Alikuwa anavaa nguo ya mwingine. Labda kama angaliandika kwa kweli, miaka minane, naye angalifika kwenye tarehe yake ya 16 Januari.

Kwa kweli, twasema; na hapa ndipo penye mashaka yetu makubwa.

Mwaka 1926 Roncalli anafanya retreti yake, naye yuko katika mwaka wa pili wa kazi ya Bulgaria. Anaandika kwamba ana mateso mengi, na kwamba mateso hayo hayatoki kwa Wabulgaria, yatoka kwa wakubwa wa utawala wa Eklezya wenyewe. Hatukani mtu, hataji jina. Analiweka neno mbele ya Mungu na kulichukua kama msalaba. Lakini ameliandika. Sasa twawauliza ninyi mnaowalea waseminari: je, angaliliandika kama angalijua kwamba siku ya Jumamosi kaye yake itakusanywa?

Sisi tulipita katika nyumba moja ambamo kaye za roho zilikusanywa. Hatutataja nyumba ile. Mkubwa mmoja alizipokea baada ya retreti, akazirudisha juma lililofuata na alama ndogo ya kalamu nyekundu kando ya mstari. Pengine nia yake ilikuwa njema, alitaka kujua kama tunaandika. Lakini sote tulielewa upesi. Tulianza kuwa na kaye mbili. Ya kwanza ilijaa makosa madogo mazuri: nilichelewa kengele mara moja, nilikosa uangalifu katika masifu ya jioni. Hayo ndiyo yaliyosomwa. Ya pili wengine walikuwa nayo, wengine hawakuwa nayo kabisa, na hawa wa mwisho ndio tunaowahurumia, kwa kuwa walijifunza kumwandikia mkubwa mpaka wakasahau kumwandikia Mungu. Mmoja wetu, aliyeandika siku moja kwa kweli kwamba hana hakika ya wito wake, aliitwa ofisini. Aliondoka kabla ya Pasaka. Labda ilimpasa kuondoka, hilo hatulijui. Lakini tangu siku ile hakuna aliyeandika tena neno «hakika».

Eklezya haitaki hivyo. Sheria ya Kanoni ya mwaka 1983, namba 240, yakataza kuomba maoni ya padri wa roho na ya waungamishi wakati wa kuamua nani apewe daraja na nani afukuzwe. Namba 220 yalinda haki ya kila mtu ya kuhifadhi mambo yake ya siri. Kama mdomo wa padri wa roho umefungwa, itakuwaje kaye ifunguliwe? Twasema wazi: mkubwa anayekusanya kaye za roho anawafundisha vijana wake kusema uongo kwa mwandiko safi. Roncalli hakukosa kiongozi, alikuwa naye. Huko Roma alimfungulia moyo Padri Francesco Pitocchi, Mredemptori, na ushauri wake aliuandika katika kaye. Lakini mwenye kufungua alikuwa ni yeye mwenyewe.

Kuna jambo la lugha pia, ambalo wahakiki wa Ulaya hawawezi kuliona. Roncalli aliandika kwa Kiitaliano, lugha ya nchi yake na ya shule yake, na Kilatini kidogo kama chumvi. Sisi tuliandika kwa Kifaransa. Nani alituamuru? Hakuna. Ilionekana tu kwamba mambo ya roho yana lugha yake, nayo si lugha tunayomwitia mama. Katika Kifaransa tuliandika kwamba tumepatwa na «aridité», tukaridhika, neno lilikuwa limetufanyia kazi yote. Siku moja, katika mwaka wa tatu wa teolojia, tukiwa na homa na bila nguvu ya kutafuta maneno, tuliandika kwa Kiswahili: sijasali tangu Jumapili, nimekaa tu. Tulishtuka. Hapakuwa tena na mahali pa kujificha. Tangu siku ile tunaandika Kiswahili, na mambo mengine machache katika lugha ya kwetu ambayo hata Kiswahili hakiyafikii. Hatusemi kwamba Kifaransa ni lugha ya uongo. Twasema tu kwamba mtu husema uongo kwa wepesi zaidi katika lugha ambayo hakupigwa nayo utotoni. Yeye Roncalli alipokuwa Istanbul alitia Kituruki katika sala za kanisa, mwaka 1936, na watu wengine walinung'unika. Alijua basi kwamba sala inataka lugha ya nyumbani.

Mzee mmoja, padri wa miaka mingi katika upadri, alitusikia tukisifu kitabu hiki mezani, akasema: «Mwanangu, mambo hayo ni ya Wazungu. Wazungu hukaa peke yao, kwa hiyo huongea na karatasi. Kwetu mtu mwenye neno moyoni huenda kwa babu yake. Kaye haijibu.» Tulimwambia: «Ni kweli, baba mzee,» tena hatukusema hivyo kwa heshima tu. Kaye haijibu. Wako watakatifu ambao hatujui daftari lao lolote: Mwenye heri Isidori Bakanja, kijana wetu wa Kongo aliyekufa mwaka 1909 kwa mapigo aliyopigwa, alikuwa na rozari na skapulari, yakamtosha. Anayedhani kwamba bila kaye hakuna utakatifu amekwisha kupotea. Lakini twamjibu mzee wetu hivi: babu alikuwa karibu, kiwanja kimoja tu mpaka kwake. Padri kijana aliyepelekwa leo misioni ya mbali, barabara imekatika, mkubwa wake akija mara mbili kwa mwaka, babu yake ni nani? Kaye haimjibu, lakini yamtunzia maneno mpaka siku atakapompata mwenye kujibu. Sisi wenyewe hufika kwa muungamishi wetu tukiwa tumesoma kurasa za miezi mitatu, na mara nyingi tunakuta kwamba kile tulichotaka kumwambia si kikubwa. Kikubwa ni kingine, kimeandikwa mara sita bila sisi kukiona.

Kitabu kina mapungufu yake, wala utakatifu wa mwandishi usituzuie kuyasema. La kwanza, watu wamekosekana. Miaka yote ya Bulgaria na Uturuki, twasoma juu ya roho ya askofu, na Wabulgaria na Waturuki twawaona mara chache tu, kama watu waliopita dirishani. Kumbe aliwapenda, hata aliandika katika retreti ya mwaka 1939 kwamba anawapenda Waturuki na anataka kujifunza lugha yao kwa bidii zaidi. Inatupasa kujua kwamba kaye ya roho haikuwa maandishi yake yote: alikuwa pia na kalenda za kila siku, alimoandika nani alikuja na nani alikufa, nazo zimetolewa baadaye kuwa vitabu vinene. Mtu anayeiga kaye ya roho peke yake, bila kalenda, aweza kujiona yuko peke yake duniani na dhambi zake. Padri wa parokia asifanye hivyo. Ukiandika «leo nilikosa saburi», andika pia ulimkosea nani.

La pili, kumbukumbu za mzee hazikosi kosa. Mwaka 1962 Papa aandika kwamba wazo la Mtaguso lilimjia ghafula, akizungumza na Kardinali Tardini tarehe 20 Januari 1959, bila kulifikiria kabla. Lakini Capovilla mwenyewe ameshuhudia kwamba Papa alikuwa amekwisha kuligusa jambo hilo mapema, siku chache baada ya kuchaguliwa mwezi wa Oktoba 1958. Hakusema uongo, moyo wake uliishika siku ile ambayo wazo lilikuwa zito, ukaziacha zile ndogo za kwanza. Hapo twaona kwa nini huandikwa siku ile ile. Jambo lililoandikwa baada ya miaka mitatu limekwisha kupigwa pasi.

Kwa makatekista tuna neno fupi, kwani wao hawana nafasi ya retreti ndefu, na mafuta ya taa ni bei kali. Tulimjua katekista mmoja aliyekuwa na kaye ya kutembelea vijiji. Upande wa kushoto aliandika majina ya wakatekumeni na nani hakuja. Upande wa kulia, mstari mmoja tu juu yake mwenyewe: «Nilikasirika kwa mtoto.» «Nilisali njiani vizuri.» Mstari mmoja, kwa miaka kumi na minne. Tuliposoma kurasa chache, kwa ruhusa yake, tulifikiri kwamba Papa Yoane angemtambua ndugu yake. Na vijana wanaoandika katika telefone? Waandike, hatukatazi, lakini telefone huibiwa, huvunjika, tena yatoa kengele ya ujumbe katikati ya majuto.

Limebaki swali la mwisho: nani atasoma? Roncalli, kabla ya kufa, alikubali makaye yake yatolewe. Tunamshukuru. Lakini alikuwa mzee, makaye yalikuwa yamekwisha kufanya kazi yake kwake kwa miaka zaidi ya sitini kabla ya kufanya kazi kwetu. Mseminari wa miaka ishirini anayeandika akiwaza kitabu chake kitatolewa na nani, huyo na aweke kalamu chini akanywe maji. Sisi kwa upande wetu tumeandika juu ya jalada la kila kaye, kwa herufi kubwa, kwamba tukifa ichomwe bila kufunguliwa, na padri mwenzetu mmoja amekubali kuifanya kazi hiyo. Alituuliza kama aweza kusoma ukurasa mmoja tu kwanza. Tulimkatalia.